Nguo ya Kuogelea Yenye Mifuko

10 Juni

Mama mpenzi,

Mwalimu anayetuongoza ametangaza leo darasani kwamba asiyejua kuogelea hapandi boti. Najua salamu hutangulia, lakini habari hii nikiiweka chini ya salamu nitaishia kutoiandika. Sasa shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala. Wewe je? Mgongo unaendeleaje? Cherehani imetengenezwa?

Mambo yako hivi. Mwezi wa nane darasa zima litashuka na mto kwa boti ya makasia, mji hadi mji, tukichota maji katikati ya mkondo na kuyapima. Alama za kozi ziko huko. Haya mengine ni mazoezi tu. Kabla ya hapo kila mmoja avuke bwawa la chuo, kwenda na kurudi, bila kushika ukingo. Mtihani ni tarehe 4 Julai. Atakayeshindwa atabaki maabara akiosha chupa, na atarudi nyumbani na cheti cha kuhudhuria.

Wenzangu wote niliotoka nao chuoni kwetu kuja huku ng'ambo wanajua kuogelea. Mrefu, yule kijana aliyenibebea sanduku uwanja wa ndege, ananiambia nisijali, "utaelea tu, kichwa chako chepesi." Nimemwambia chake kitamzamisha kwa majivuno.

Sijui hata kuelea, Mama. Lakini sikuja huku kuosha chupa. Kesho asubuhi naanza kujifunza.

Mwanao


18 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo, cherehani imepona. Shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare ya mwanawe iwe ya kwanza.

Barua yako nimeisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Kwani lazima uingie? Simama ukingoni, funga chupa kwa kamba, tumbukiza, vuta. Maji ni maji. Mimi yakinipita magoti tu naanza kutubu, na wewe nimekulea mimi.

Ila nakujua. Ukishasema "sikuja huku", hakuna wa kukurudisha. Basi angalau hutaingia mbele ya walimu na vile vipande vya leso ninavyoviona kwenye matangazo. Nimekushonea nguo ya kuogelea. Kitambaa ni kile cha sketi za shule, hakichaniki wala hakipauki. Mikono inafika kwenye kiwiko, suruali inafika gotini, na nimeweka mifuko miwili, mmoja wa ufunguo, mwingine wa leso. Mshono nimeurudia kila mahali. Hata mamba akiing'ata, meno yatabaki humo.

Ivae ukiwa na heshima zako.

Mama yako


5 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimeshindwa. Mwalimu wa bwawa alisema hivyo jana mbele ya wote: nilifika katikati, nikazama, akanivuta kwa fimbo yake ndefu. Nimeruhusiwa kurudia mara moja, tarehe 11 Agosti. Boti inaondoka tarehe 14.

Ushauri wako wa kamba niliujaribu. Wiki iliyopita tulikwenda kwa treni hadi mji mmoja ulio sehemu ya juu ya mto. Wenzangu walipanda kiboti cha mazoezi, wamefunga majaketi ya kuelea. Mimi nikabaki ukingoni na chupa yangu na kamba yangu. Nilivuta majani na nusu ya kandambili. Mwalimu alichungulia, akasema maji ya ukingoni yamesimama, hayaonyeshi mto unabeba nini, kwa hiyo hayahesabiki. Tangu siku hiyo jina langu ni Bi Chupa.

Kila asubuhi nipo bwawani kabla ya darasa. Mrefu anatembea ukingoni akinihesabia pumzi kwa sauti, utadhani yuko mnadani. Usiwe na wasiwasi. Bado nipo nipo.

Mwanao


14 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Nashukuru umetoka salama. Mengine baadaye.

Umeniandikia kurasa mbili na nguo hujaitaja. Umetaja treni, umetaja kandambili, umetaja sauti ya Mrefu. Kifurushi kilifika, posta wamenithibitishia. Mteja akichukua sare akaondoka kimya, huwa najua atarudi nayo kwapani.

Sema.

Mama yako


22 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nitasema, lakini kaa kwanza.

Siku za mafunzo nilikuwa naazima nguo ya mwenzangu wa chumbani. Inanibana mpaka pumzi inaingia kwa zamu. Siku ya mtihani nikasema hapana, leo navaa ya Mama. Mrefu alikishika kitambaa, akatikisa kichwa. "Bi Chupa, hii ni nguo au ni turubai?" Nikamuuliza, "Na mama yako wewe anashona nini?"

Nikiwa mkavu nilikuwa nimependeza kuliko watu wote pale bwawani, nakuapia. Kisha nikaingia. Kitambaa kilikunywa maji kikashiba. Mifuko ikajaa, nikawa nimebeba ndoo mbili kiunoni. Nikirusha mkono, mkono wa nguo unafuata baadaye kwa wakati wake. Katikati ya bwawa suruali ikaamua kwenda chini, nami nikaisindikiza.

Aliponitoa, mwalimu wa bwawa aliukamua mfuko mmoja, akaniuliza kama nimeweka mawe. Mrefu akapiga kelele, "Kengele imelia, wote mstarini!" Walicheka. Nilipomaliza kukohoa nikacheka na mimi.

Sikukwambia kwa sababu nilijua ulivyoishona, na ulikuwa na sare za watu mezani.

Sasa nafika mwisho wa bwawa na kugeuka. Kurudi ndiko kunakonishinda. Nitarudia mtihani na ile ya kuazima, ibane itakavyobana.

Mwanao


31 Julai

Binti yangu,

Mlinzi wa bwawa la halmashauri amesema mimi ni mtu wa kwanza kumtoa majini akiwa na mifuko.

Marahaba. Sikukuamini, ndiyo maana. Kitambaa kile nimekishona miaka yote hakijawahi kuniangusha. Nikakata nguo nyingine kama yako kwa kipimo changu, nikamchukua jirani anishikie mkoba, nikaenda. Niliingia upande wa watoto, maji yananifika kifuani. Nikakunja magoti kidogo nijaribu. Sikuinuka tena. Jirani alipiga yowe mpaka nikalisikia nikiwa chini.

Nilikaa ukingoni nikichuruzika, watoto wananicheka, nikaifikiria kama kazi nyingine yoyote. Mimi najua kushona nguo ya kukaa darasani mwaka mzima. Hii ni ya kupita mahali na kutoka. Kosa halikuwa la mshono.

Nilinunua kitambaa kinachonyumbulika. Fundi wa nguo za michezo, jirani yangu wa kibanda cha pili, alinipa sindano yake na maneno yake: "Leo mama wa sare umehamia kwetu?" Nikamwambia anipe sindano, maneno abaki nayo. Mbili nilizitupa, mshono wa zigizaga ulikuwa unakatika nikivuta. Ya tatu niliivaa mwenyewe nikarudi bwawani, mlinzi akasogea karibu na ndoano yake bila kuambiwa. Nilielea. Muda wa kupiga chafya mbili, lakini nilielea.

Yako imeondoka leo kwa posta ya haraka. Haina mifuko. Ufunguo mpe Mrefu, afanye kazi.

Nimejiandikisha darasa la wanaoanza. Wenzangu wote humo ni watoto niliowashonea sare. Mmoja ameniambia, "Mama, usikaze shingo." Nimeilegeza.

Mama yako


12 Agosti

Mama mpenzi,

Nimefaulu. Mwalimu wa bwawa alitangaza jana, kisha akaongeza kwamba naogelea kama mtu anayegombana. Nimemwambia ndiyo, nilikuwa nagombana.

Shikamoo. Kifurushi kilifika siku moja kabla ya mtihani. Niliijaribu nguo chumbani, nikainua mikono, nikachuchumaa, nikaruka. Pumzi inaingia yote. Mifuko haipo, kweli. Lakini kola, Mama! Kola umeshindwa kuiacha. Mrefu aliiona akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Baadaye alikuja taratibu kuniuliza kama unashona za wanaume.

Kwenda nilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi maji yaliniingia puani, na ukingo ulikuwa hapo hapo, mkono tu. Mwenzangu wa chumbani anasema niliutazama. Ni kweli niliutazama. Halafu nikaona mlango wa maabara kupitia kioo cha dirisha, na beseni la chupa limewekwa tayari, nikageuza uso upande wa pili nikaendelea kupiga maji. Mrefu alikuwa anahesabu mpaka sauti ikamkauka.

Keshokutwa asubuhi tunaondoka. Nimepangiwa kasia la kushoto, na kuchota. Mji wa mwisho tutaufikia tarehe 26. Barua nitumie posta ya pale, nitaikuta. Ndege inatua nyumbani Ijumaa tarehe 29.

Na wewe darasani umefika wapi? Umeuliza ya kwangu yote, ya kwako hujasema.

Mwanao


19 Agosti

Binti yangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisoma mbele ya fundi wa nguo za michezo. Sehemu ya kola nimeirudia.

Ya kwangu ndiyo haya. Mwalimu wetu ametangaza kwamba wanaoanza watapimwa Jumamosi tarehe 30, saa nne asubuhi. Ni kwenda tu, kurudi hakumo. Nafika katikati, halafu miguu inakumbuka mambo yake inataka kushuka. Watoto wawili walipimwa mapema, wakafaulu wiki iliyopita, sasa wanakuja kunitazama wakila karanga. Nimewaambia waje na siku hiyo.

Fungua barua hii ukishakausha nguo. Ijumaa ule, ulale. Jumamosi usinishike mkono, wala usisimame karibu na mlinzi kana kwamba mnangojea kitu. Tembea ukingoni unihesabie pumzi kwa sauti, kama Mrefu.

Saa nne kamili. Usichelewe.

Mama yako