Diski Iliyopasuka na Ndoo ya Kijitoni

Ilala, Dar es Salaam
Ijumaa jioni

Mdogo wangu Nathanaeli,

Habari za Usangi? Mvua zimewaachia barabara safari hii, au mmeshaanza tena kuweka mawe kwenye madimbwi? Na goti la shemeji linaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila joto limetushika vibaya. Nabadilisha shati mchana na jioni, na bado nalowa. Mkweo Neema amepata nguvu tangu ajifungue hapa kwetu. Mjukuu wako ananyonya kama mtu anayewahi safari, na masikio ni yako kabisa, hata usimsingizie mtu mwingine.

Najua umekasirika. Jana uliposema kwenye simu kwamba uzee umenitia woga wa barabara, kisha ukakata, sikukupigia tena. Si kwamba nilikosa la kujibu. Simu ilikuwa juu ya boneti, sauti imefunguliwa, mwanao amesimama upande huu na fundi upande ule, na jibu nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa mbele ya mwanao. Ndiyo maana naandika. Barua hii nitampa Neema, nimwambie aiweke mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Jana asubuhi mimi na mwanao Elinaja tulikwenda Kariakoo kuchukua viti vya plastiki na sufuria za sherehe ya ubatizo. Tulipakia vizuri, tukatoka polepole kuelekea Msimbazi. Mbele yetu akajitokeza mtu mwenye mkokoteni wa magunia ya vitunguu. Elinaja akakanyaga breki. Nathanaeli, pikapu yako ilitetemeka kuanzia usukani mpaka kwenye kiti changu. Viti vikagongana huko nyuma, gari likavuta kulia, na liliposimama bampa lilikuwa limeshagusa gunia. Na hatukuwa na mwendo wowote wa kutaja.

Mwenye mkokoteni hakuumia. Alilitazama gunia lake, kisha akaja dirishani kwangu.

"We mzee, mwambie dereva wako hapa Kariakoo, siyo shambani kwenu!"

"Samahani, mwanangu."

"Samahani siyo breki, baba!"

Watu wakacheka, naye akasukuma mkokoteni wake akaenda zake. Elinaja hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado imeubana usukani.

"Linatetemeka hivi tangu lini?" nikamwuliza.

"Siku nyingi, baba mkubwa. Ni tairi tu. Nilibalansi pale Mwanga, likatulia, likarudi. Fundi akanibadilishia pedi za breki, likatulia, likarudi tena."

"Na kesho unataka kumpakia humu mtoto mchanga?"

"Nitaendesha taratibu."

"Sikuulizi mwendo wa kwenda. Nakuuliza siku ya kuwateremsha mlimani."

Tulipofika nyumbani nilichomoa ufunguo mwenyewe, nikautia mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Najua alikupigia simu wakati huohuo, maana nilimsikia akisema, "Baba, ameninyang'anya ufunguo." Ni kweli, nilimnyang'anya.

Sasa nikueleze tulichokiona, hatua kwa hatua, ili usiseme nilikisia. Yupo fundi anayeitwa Shabani, gereji yake iko nyuma ya ukuta wangu. Ni mtu asiyependa maneno mengi, lakini hagusi spana kabla ya kuliendesha gari. Tulizunguka naye kwenye mtaa usio na watu. Kwanza aliliacha likimbie bila kukanyaga breki, likaenda laini. Basi si tairi, maana tairi bovu hutetemesha gari hata usipofunga breki. Pili akavuta breki ya mkono taratibu, ile inayoshika magurudumu ya nyuma peke yake. Likapungua mwendo bila kutetemeka. Basi si nyuma. Tatu akakanyaga pedeli ya breki, na ikawa inausukuma mguu wake, inarudi, inausukuma, inarudi. Akaniambia niweke mkono juu ya goti lake nisikie ilivyokuwa inacheza. Ugonjwa ulikuwa kwenye diski za mbele.

Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili huibana huku na huku, na kule kubanwa ndiko kunakosimamisha gari. Sahani ikiwa imenyooka, pedi hukaa sawasawa. Ikipinda hata kidogo sana, pedi hupigwa kila inapozunguka, na kipigo hicho ndicho unachokisikia mguuni. Fundi wa Mwanga alibadilisha pedi, na pedi mpya kwenye sahani iliyopinda hutulia kwa siku chache tu.

Shabani akafungua tairi la kulia, akarudishia nati ili diski ikae mahali pake, kisha akafunga kipande cha waya kwenye mkono wa chuma ulio karibu, ncha ikielekea kwenye diski bila kuigusa. Akaizungusha kwa mkono. Uwazi kati ya ncha na diski ulikuwa unapanuka, unafumba, mpaka mahali pamoja waya ukakwaruza. Elinaja alikuwa amechuchumaa hapo.

"Umeona?" Shabani akamwuliza.

"Nimeona. Si inachongwa tu kwenye mashine, ikanyooka? Tuchonge leo, kesho niondoke."

Nami nilidhani hivyohivyo, nakwambia kweli. Ila usoni mwa diski palikuwa na madoa ya buluu, kama chuma kilichokaa motoni, na sikuyapenda. Nikaingia ndani nikaleta mafuta ya taa na chaki. Shemeji yako alinicheka zamani kwa kutunza chaki baada ya kustaafu ualimu. Jana zilipata kazi. Unaipaka diski mafuta ya taa, unasubiri yapenye, unaifuta ikauke kabisa, kisha unaipaka chaki mpaka iwe nyeupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuilowesha chaki.

Tulisubiri. Kwanza ukatokea mstari mfupi karibu na kitovu, mwembamba kama unywele. Vipo vijistari vidogo vya joto ambavyo fundi anaweza kuvisamehe. Lakini huu uliendelea kutembea mbele ya macho yetu, ukapita katikati, ukafika ukingoni. Shabani akasimama.

"Hii haichongwi, mzee. Siku moja ingefunguka kwenye mteremko, basi."

Elinaja aliinuka akaenda kusimama ukutani, ametupa mgongo.

Hapo ndipo ulipopiga simu. Ulisema umeteremka na gari hilo mwaka mzima, na kwamba watu wameshaalikwa, na mchungaji amekubali Jumapili, na mimi nakaa mjini natafuta visa. Wakati unasema hayo, macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari uliolowa, na nilikuwa nimeshaanza kuhisi umetoka wapi. Ukakata.

Shabani akamgeukia mwanao, kwa upole tu, akamwuliza: "Kaka, huko kwenu kuna mlima? Mkishuka, breki zikipata moto, mnafanyaje?"

"Tunasimama chini, kijitoni. Tunamwagia maji magurudumu mpaka yaache kutoa moshi. Kila gari linafanya hivyo." Kisha akaongeza, bila kufikiri: "Baba ndiye anayeshika ndoo."

Shabani akaangalia chini. Elinaja akanitazama, akaitazama diski, na nikaona amefahamu. Nilimwomba asimwambie mtu.

Nathanaeli, ile ndoo tumeirithi. Wewe na mimi tulipanda juu ya lori la marehemu baba, na tukifika kijitoni tulikuwa tunagombana nani amwage wa kwanza tusikie chuma kinavyolia. Baba alisema gari limekunywa, sasa twende. Kwa lori lile hapakuwa na madhara makubwa. Breki zake zilikuwa za dramu, ngoma nene ya chuma iliyojifunika, na maji yalipita juu tu ya unene ule. Pikapu yako ina diski mbele, iko wazi, nyembamba. Imeteremka mlima wote imebanwa, imeiva. Ukiimwagia maji ya mlimani, upande mmoja unasinyaa kabla ya mwingine. Inapinda. Ukirudia, inapasuka. Hukufanya uzembe. Ulikuwa unalitunza gari kama ulivyofundishwa na mtu tuliyemwamini sote wawili. Lakini ukweli ni kwamba ufa ule umetoka kwenye ndoo, na ndoo iko mkononi mwako.

Ndiyo jibu ambalo sikuweza kulitoa kwenye simu.

Leo tumefunga diski mpya, zote mbili za mbele, kwa sababu ile ya kushoto nayo ilikuwa imeanza madoa, na ukibadilisha moja gari litavuta upande. Pedi nazo ni mpya; zile za zamani zilikwishachukua umbo la ubovu. Nimepanda mimi mwenyewe na Elinaja, tukafunga breki mara nyingi kwa upole ili pedi na diski zizoeane. Glasi ya maji niliiweka juu ya dashibodi, haikumwagika. Nikamrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Baba mkubwa, ningewaua." Nikamwambia akalale, kesho alfajiri ana safari iliyochelewa siku moja tu. Jumapili mtabatiza kama mlivyopanga.

Ile diski iliyopasuka inakuja nyuma ya kiti, imefungwa kwenye kiroba. Nimeiachia chaki yake. Nakuomba jambo moja tu. Magari yanayosimama pale kijitoni ni mengi, yanabeba wanafunzi na akina mama wa soko, na mengi siku hizi yana diski. Mimi nikiwaandikia watasema ni mtu wa mjini. Wewe wanakujua, wamekuona miaka yote na ndoo. Ichukue diski hii, isimamishe pale kwenye jiwe, uwaambie kwa mdomo wako. Waambie washuke kwa gia namba mbili, breki wazikanyage na kuziachia, na wakifika chini wasubiri zipoe zenyewe kwa upepo. Elinaja hatasema chochote kabla yako. Amenipa neno lake.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya goti iko kwenye mfuko wa Neema. Msalimie mama mdogo, aliyebaki peke yake wa rika la wazazi wetu, mpe mkono kwa niaba yangu. Mchungaji pia, na jirani yetu mliyegombea mgomba wa mpakani, hata kama bado hamsemeshani.

Na siku mtakapowateremsha Neema na mtoto, gari litasimama kijitoni kama desturi, maana mazoea hayaishi kwa barua moja. Likisimama, mwombe Neema akupe mjukuu umshike mpaka magurudumu yapoe. Ukiwa umemshika yeye, hutaweza kushika ndoo.

Kaka yako anayekupenda,
Elieza