Fundo Lako Limebaki Kwenye Nguzo

Baba Nekesa,

Nimeshika kalamu kwa sababu mdomo umechoka. Tangu uanguke na lile jukwaa la miti pale kwenye ghala jipya la mahindi, nimeulizwa maswali na watu wengi, na kila mmoja alikuja na jibu lake mfukoni.

Nekesa ametembea. Hatua tatu, kutoka kitandani mpaka kwenye viatu vyako vya kazi, akavikalia. Bado vina saruji. Sikuvifuta.

Kuna jambo lazima nikuambie. Ukishindwa kunisamehe sitalalamika.

Unaikumbuka kamba ya nguo? Nilikusumbua kwamba nepi za mtoto naanika juu ya majani, na lile vumbi jeupe la magadi ya ziwani likipanda mchana nazifua tena. Jioni moja ukaja na kamba ya katani iliyooza, ukiisugua inatoa unga. Ulikuwa umeikata mwenyewe kwenye jukwaa na kufunga nyingine. Ukasema, "Hii itabeba nepi, Mama Nekesa. Mtu haiwezi kumbeba." Ndipo ukanieleza juu ya tangazo la serikali kwenye mlango wa ofisi, la Kizungu, na ulivyomwomba karani akusomee: kamba na mbao zikaguliwe kabla mtu hajapanda, mbovu zitupwe. Ulipomwambia nyapara kwamba nyingi zilizobaki ni mbovu vilevile, akakujibu mbele ya wote, "Wewe wakili, panda juu ama nenda nyumbani." Tangu siku hiyo wakakuita Wakili. Ulinisimulia ukicheka, na mimi nikacheka. Ningejua, ningevificha viatu vyako usipande tena.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Mama Otieno wa chumba cha pili alikuja akaninong'oneza: nyapara anasema uliiba kamba za kampuni, askari watakuja kupekua. Unajua siku hizi mlango ukigongwa watu wanavyotetemeka. Nilichukua panga nikaikata ile kamba, nikaitia motoni. Ilishika moto upesi kama nyasi za kiangazi. Uji wa mtoto ukachemkia hapo.

Askari hawakuja. Aliyekuja ni mkaguzi wa serikali. Akakuta jukwaa limefungwa upya kwa kamba mpya, nyeupe. Nilisimama getini na mtoto mgongoni mpaka akaniona, nikamweleza habari ya kamba zilizooza, karani akitafsiri. Akaniuliza kwa upole, "Iko wapi hiyo yako?"

Baba Nekesa, ilikuwa imeshakuwa majivu. Akafunga kitabu chake akaenda.

Sasa watu wa kampuni wameleta karatasi. Inasema ulianguka kwa sababu ulifunga jukwaa vibaya. Wanataka jina langu chini yake. Nikiandika, nitaachiwa hiki chumba mpaka mvua ziishe. Nikikataa, tutoke Jumamosi. Na mtoto anakohoa.

Nilitaka kuandika. Sikufichi. Kalamu ilikuwa mkononi, hii hii. Kisha nikatoka na beseni kuanika, nimesahau kwamba kamba haipo, nikaliona fundo lako kwenye nguzo, pale ulipoifungia ile kamba. Siku ile ya hofu nilijaribu kulifungua kwa kucha, nikajaribu kwa meno, likanishinda. Ndiyo maana nilitumia panga. Katani yenyewe imeoza, lakini fundo limeshika.

Nilimwita karani alione. Alilitazama sana, kisha akasema, "Mama, mkaguzi ameshaandika. Nani atarudi hapa kwa ajili ya fundo moja?" Ni mtu mwema. Hata yeye aliondoka haraka.

Basi hakuna wa kumwonyesha. Ushahidi wako niliupikia uji, na hilo nitalibeba mimi.

Jumamosi tutaenda Elburgon kwa dada yako, kule kwenye mashine ya mbao. Sijui kama atatupokea. Sina nguvu ya kufikiria zaidi ya hapo.

Lakini karatasi yao nitairudisha kama ilivyokuja, bila jina langu. Na Nekesa akikua akiniuliza baba yake alikuwa nani, nitamwambia: fundi, na alifunga vizuri.

Pumzika, Wakili wangu. Fundo nimeliacha pale pale ulipolifunga.

Mama Nekesa