Nafasi ya Kocha Msaidizi

Jumapili, 5 Oktoba

Koni zimepungua tena. Watu wa voliboli wamezichukua, hawajarudisha. Nimepanga mazoezi kwa chupa za maji. Wiki ndiyo kwanza imeanza na tayari nimefura.

Wale wawili wa majaribio wamekuja leo. Nafasi ni moja, kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya chuo. Watafanya kazi nami kwa muda, kisha nitasema nani abaki. Mkurugenzi wa michezo, Bwana Nabil, anasema neno langu ndilo la mwisho. Nimemwamini nusu.

Wa kwanza Zawadi. Mtanzania mwenzangu, wa Mbeya. Alicheza winga miaka mingi nyumbani, na hapa Doha amekuwa akifundisha mazoezi kwenye hoteli moja ya Lusail. Sauti kubwa, utani mwingi. Mara wasichana wanacheka naye kama wamezaliwa nyumba moja.

Wa pili Imane, kutoka Morocco. Vyeti vizuri. Anaongea chini chini hadi mabeki wanamuuliza tena. Alipewa zoezi la pasi, likamvurugikia mikononi.

Kama ningeamua leo, ningemchukua Zawadi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bi Mwajuma kapiga simu. Ndiye kiongozi wa grupu letu la kina mama wa Kitanzania. Ukifiwa, wa kwanza kubisha hodi ni yeye. Nilipofika Doha sina ninayemjua, yeye ndiye aliyenitafutia chumba Al Wukair. Leo hakuzunguka.

"Mwanangu Tatu, yule binti ni wetu. Usituangushe."

Nikamwambia bado nawapima.

"Unapima nini? Kila siku tunapimwa na watu wasiotujua. Leo mwenzetu kashika kalamu, naye anatupima?"

Nimekasirika mpaka chai imenipoa mkononi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ana hoja. Nimeshakaa kwenye vikao ambako jina la mtu lilitupwa kwa sababu ya pasipoti yake tu, hata hajasikilizwa. Najua ilivyo. Lakini mimi sikuombwa nimpe Zawadi haki yake. Nimeombwa nifumbe macho.

Jumatano, 8 Oktoba

Zawadi kamwigiza Imane mbele ya timu. Ile sauti yake ya chini, ule Kiingereza chake cha kusitasita. Wasichana wakaangua kicheko. Imane akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Nilimvuta Zawadi pembeni.

"Natania tu, dada. Timu lazima ichangamke."

"Ichangamke kwa kumdhalilisha mwenzako?"

"Basi, shikamoo, nimekoma." Huku anacheka.

Kazi yake lakini ni nzuri, hilo siwezi kulikataa. Krosi zimenyooka. Hiba, nahodha wetu, msichana wa Kisudani anayesoma uhandisi, sasa anaruka kupiga vichwa kama hajui kuogopa. Imane naye amekaa na kipa wa akiba kwenye kona ya uwanja, taratibu, akimrekebisha anavyosimama. Hakuna aliyewaangalia. Mimi niliwaangalia kidogo, kisha nikarudi kwenye kelele.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye kiti cha hospitali. 

Leo tulikuwa na mechi ya kirafiki na chuo kingine. Timu niliwaachia wao wawili. Zawadi aamue, Imane asimamie wachezaji wa akiba. Mimi nikapanda jukwaani niwaone vizuri wakifanya kazi. Ndiyo maana sikuwa karibu.

Kipindi cha pili, kona. Hiba na beki wao wakaruka pamoja, vichwa vikagongana. Mlio wa vichwa niliusikia huko juu. Hiba akaanguka, akalala, akaamka. Akampungia refa mkono kwamba yuko sawa, akasogea hadi kwenye mstari. Zawadi na Imane wakamwinamia. Halafu akarudi uwanjani.

Nikadhani wamemwangalia.

Baadaye nikaona Imane amemsimamisha msichana wa akiba tayari kuingia, na Zawadi anamrudisha benchi kwa kumvuta fulana. Wakaanza kujibizana. Nikaanza kushuka ngazi. Sijafika chini, krosi ikaja, Hiba akapiga kichwa. Goli. Watu wote wakaruka. Mimi pia niliruka. Niliruka!

Tukashinda. Kwenye basi Hiba akatapika. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, tunakwenda kucheza na nani.

Jumapili, 12 Oktoba

Ubongo umetikisika. Daktari anasema atapona, ila apumzike sana, asiguse mpira mpaka wamruhusu wao. Angegongwa tena pale uwanjani, alisema, tungekuwa tunazungumza mengine. Sikutaka ayataje.

Mama yake Hiba hakunipigia kelele. Alikaa kitandani anamsuka mwanawe nywele polepole, akikwepa upande ulioumia. Bora angenipigia kelele.

Imane nilimkuta nje ya wodi. Kanieleza yote kwa ile sauti yake. Hiba alipofika kwenye mstari aliwaambia kichwa kinazunguka na taa za uwanja zinamchoma macho. Imane akasema atoke. Zawadi akamwambia, "Funga jicho moja, cheza na lingine. Mechi inakaribia kuisha."

Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima kurudi Al Wukair. Kila nikiirudia natamani kuvunja kitu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Zawadi anakana. Hakusikia habari ya taa, wala ya kizunguzungu. Imane anatafuta kazi kwa kumchafua mwenzake.

Nikawauliza wasichana.  Wanaangalia nyasi. Waliokuwa benchi walisikia, naona kwenye nyuso zao, lakini Zawadi wanampenda, Imane hawamjui. Hiba mwenyewe, kwa simu, anasema ni yeye aliyeomba kurudi. Anamkinga. Kichwa chake bado hakistahimili mwanga wa dirisha na bado anamkinga!

Nimewachukia wote leo. Hata wasichana wangu. Nimeandika, na sitafuta.

Jumanne, 14 Oktoba

Ofisini kwa Bwana Nabil. Kiyoyozi kinapuliza kama tuko milimani. Mkononi ana simu yenye video ya lile goli. Mkuu wa chuo ameipenda. Nabil anasema Zawadi ana moyo wa ushindi, na ajali za uwanjani hutokea. Tatizo analoliona yeye ni Imane, kwa sababu amegombana na mwenzake mbele ya wageni. Akasukuma kahawa upande wangu. Khalas, yamekwisha, akasema, tumchukue Zawadi, tusonge mbele.

Nikamkumbusha kwamba neno la mwisho lilikuwa langu. Akatabasamu. Lile tabasamu la kumwambia mtu kwamba ameshasahau yeye ni nani hapa.

Nikamwambia kama Zawadi atasimama kwenye ule mstari, mimi sitasimama. Atafute makocha wawili. Nilisema taratibu, kwa sababu ningepandisha sauti ningelia, na simlilii Nabil.

Kahawa sikuinywa.

Nimetoka naogopa. Kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea kazi hii. Nina mama Tanga anayenitegemea. Naogopa, na nina hasira kwamba naogopa.

Jumatano, 15 Oktoba

Zawadi alinisubiri kwenye maegesho ya magari. Utani hakuna tena.

"Dada Tatu, unanimaliza kwa ajili ya Mwarabu?"

"Nakukataa kwa ajili ya Hiba."

"Hiba mzima! Ndiyo, nilimwambia acheze. Ulitaka nimwambie nini? Mimi nilicheza na mbavu zimepasuka, nani alinitoa? Kocha wangu alinifunga kitambaa akanirudisha ndani. Ndiyo nikawa mchezaji!"

Watu waliokuwa wakielekea kwenye magari yao wakageuka. Wawili wa wasichana wangu walikuwa pale, mabegi mgongoni. Walielewa nini katika Kiswahili chetu sijui, ila jina la Hiba walilisikia, na walimwona Zawadi anavyojipiga kifua.

Nilimwambia kocha wake alimkosea. Akanitazama kama nimemtukania mzazi. Akaingia kwenye teksi.

Nilisimama kando ya mlango wa gari bila kuufungua. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi kipa wa akiba amekwenda kwa Nabil bila kuitwa, pamoja na wale wawili wa maegesho. Wameeleza walichosikia benchi siku ya mechi. Kila neno kama alivyosema Imane. Baba yake kipa ni mwanasheria, na Nabil anajua.

Mchana nikaitwa. Nabil hakunitazama usoni. Imane anaanza Jumapili, Zawadi atashukuriwa na kuagwa. Haki haikushinda pale, hofu ya Nabil ndiyo iliyobadilisha uamuzi. Kilichonipandisha hasira upya ni kwamba ameniambia, "Hongera."

Jioni nimetolewa kwenye grupu la kina mama. Hakuna aliyeniambia neno. Nimefungua simu, simo. Bi Mwajuma nimempigia, hakupokea. Nikapiga tena, akakata.

Yule mama alinipikia supu nilipougua homa mwaka wangu wa kwanza.  Nimekasirika na nimebaki peke yangu.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku ya kwanza ya Imane. Wasichana walijipanga kwa aibu. Alisema, wakasogea ili wamsikie. Pasi zilikuwa mbovu. Hakuna aliyecheka.

Kaniuliza kama nimegombana na watu wangu kwa ajili yake. Nikamwambia apige filimbi, muda unakwenda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ijumaa nyingine ya mapumziko. Huwa nakula mchana kwa Bi Mwajuma na wenzangu. Leo nimepika wali na maharage, nikala nimesimama jikoni.

Baada ya swala ya Alasiri, Zawadi kapiga simu. Nilikaribia kuiacha iite mpaka mwisho.

"Yule mtoto anaendeleaje?"

Hakuwahi kuuliza. Siku zote hizi, hata mara moja. Nikamwambia anaweza kusoma kidogo kidogo sasa, na dirisha halimsumbui tena.

 Nilisikia televisheni nyumbani kwake, watu wa katuni wanakimbizana.

"Naweza kwenda kumwona?"

"Nitamuuliza mama yake."

"Asante, dada."

Sikumuuliza kama amepata kazi. Hakusema. Simu ikakatika, sijui ni nani kati yetu aliyeikata.

Nimemwandikia mama yake Hiba. Amejibu kwamba aje kesho baada ya swala ya Magharibi, na nije naye.