Ng'ombe Wakikatiza Uwanja

Ijumaa. Garsen imechemka tangu asubuhi, feni yetu inazungusha vumbi tu, na mimi sina raha.

Kesho mimi na Godana tunaonyesha mchezo wetu wa tatu wa simu. Studio yetu ni chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mchezo wa kwanza ulikuwa mashindano ya mitumbwi kutoka Wema hadi Ozi, mamba wakikuvizia kwenye kona. Mpaka leo shangazi yangu huucheza akisubiri wali uive. Wa pili, mbio za kwenye matope, ulitushinda: wachezaji walinata, simu zikaganda. Huu wa tatu ni soka, wakulima wa mtoni dhidi ya wafugaji, na kesho vijana wa pande zote mbili watakaa ukumbi mmoja.

Ndiyo maana naogopa.

Huku kwetu viwanja vingi viko kwenye malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni. Kwa hiyo niliingiza ng'ombe wanaokatiza mechi, nikaongeza na utani: wakiingia, refa anapuliza filimbi na wakulima wanapewa mpira wa adhabu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jana Godana aliujaribu. Yeye ni Muorma, amekulia nyuma ya ng'ombe; mimi nimekulia shambani. Hakucheka.

"Sasa ng'ombe yetu ni faulo?"

Akachukua kofia yake, akaondoka. Tangu hapo simu hashiki.

Kwanza nilikasirika. Utani tu! Halafu nikauwaza ukumbi wa kesho, filimbi ile ikilia na upande mmoja ukinyamaza. Hapa watu wamewahi kuzika ndugu zao kwa sababu ya ugomvi wa njia hizo hizo. Nilijiona mjinga.

Kiwanjani kwetu ng'ombe wakija hakuna filimbi. Mpira unashikwa, timu zote zinakaa chini, ng'ombe wanapita. Leo nimeurekebisha mchezo uwe hivyo: saa inasimama, wachezaji wanakaa. Nilimtumia Godana baada ya swala ya Ijumaa. Akaona. Nikabaki nikiitazama simu.

Bila yeye siingii ukumbini.

Ujumbe umeingia sasa hivi, jua likizama.

"Ndama moja bado iko nyuma na saa yako imeanza. Ngojea yeye."

Nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Hajasema kama kesho atakuja. Lakini ameucheza mpaka kwa ndama wa mwisho.

Nafungua laptopu tena. Huyo ndama atangojwa.