Robine ya kugusa

Phébé,

Bukari na samaki biko juu ya meza, nimebifunika na sahani. Maji hakuna. Nimeenda kuchota kwa jirani, mama yake Nuru, kwa sababu leo baba yako Timothée analeta mama yake aone robine ya maji alituwekea jana.

Unajua baba yako alioa mutoto wangu, iko mukwe wangu, kwa desturi hatuangaliane uso. Alinifundisha robine akiwa nyuma ya mulango: "Gusa, mama, maji inatoka. Gusa tena, inafunga." Nikaitika tu, sikuuliza kitu.

Asubuhi nilitaka ing'ae. Nikaipanguza, ikafungua. Nikapanguza matone, ikafunga, lakini tone moja ikabakia. Nikapanguza ile tone, ikafungua tena. Sikuweza kuacha tone kwenye robine ya mupya. Tukaenda hivyo pole pole mpaka tanki ikakauka.

~~Mwambie baba yako aitoe.~~ Hapana. Mwambie iko muzuri sana, inapenda tu mikono yangu kupita kiasi. Nimeifunga na kitambaa changu cha kichwa, usiifungue.

Na weye, mukwe wangu Timothée, kama njo weye umeokota hii karatasi wa kwanza, angalia pembeni. Siko nakuongelesha.

Kambo