Lami Imetakata, Paa Bado

4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo, na kazi je? Mimi mzima, ila chumba hiki cha dada yangu kinanibana. Cherehani imechukua nusu ya kitanda, nalala pembeni yake kama mgeni.

Jana afisa alikuja kututangazia sisi tuliohamishwa mtambo wa nyuklia ulipolipuka: mtaa wetu wote utabomolewa, ati mionzi imeganda na haitoki. Sijakubali. Wewe ndiye unayepima huko. Nenda nyumbani kwetu, kisha niambie ukweli. Usinifiche kitu.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini mguu wako uliokuwa ukiuma umepoa. Mimi salama.

Nimekwenda. Barabarani kipimo changu cha mionzi karibu kinyamaze: mvua na magurudumu ya malori yamelisomba lile vumbi la mtambo, na lililobaki linapungua nguvu lenyewe taratibu. Kuta bado zimelishika kidogo. Tatizo ni paa. Vigae vimeota kuvumwani, ule ukoga wa kijivu unaoshika mawe, nao umeling'ang'ania vumbi. Na pale bomba la paa linapomwaga maji, kwenye udongo, kipimo kilipiga kelele nikarudi nyuma. Chumba cha juu hakilaliki.

Kwa hiyo si kweli kwamba mionzi haitoki, wala si kweli kwamba imekwisha. Nilimwambia bosi tuvue vigae, tukwangue udongo, nyumba zibaki. Akasema kubomoa ni rahisi zaidi.

Tafadhali usije. Nakujua.

Mwanao

2 Julai

Shikamoo mama,

U mzima? Barua zangu hukujibu, na sasa najua kwa nini. Dereva wetu ameniambia wewe na majirani mlikaa katikati ya barabara mbele ya tingatinga lake, wewe na cherehani yako, unashona. Alipokusihi uondoke kwa usalama wako, ukamjibu, "Hapa kwenye lami ndipo pasafi. Mwanangu kapima."

Nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu ofisini. Bosi hakucheka. Alitaka niseme kikaoni kwamba mtaa hauponi. Nikasimama, nikasoma vipimo vyote, vizuri na vibaya. Leo nimeondolewa kwenye kikosi. Sijuti. Lakini kikao kimeamua nyumba zibaki: tingatinga nalo limeondolewa, na vigae vitaanza kuvuliwa.

Usiingie ndani kabla hawajamaliza. Hili si ombi.

Mwanao mkaidi, kama mama yake

30 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Kazi mpya inakwendaje, na unakula vizuri? Mimi sijambo.

Nilikutii. Nilingoja mpaka mabati mapya yakapigwa na udongo ukabebwa. Aliyeshika nafasi yako amepima, akasema panakalika, ila nisilime nyuma ya nyumba. Mionzi ya kutani nayo itapungua mwaka hadi mwaka. Sawa, sitalima. Seremala wa jirani amerudi. Wengine wamesema hawarudi kamwe, nami siwalaumu. Jioni ya kwanza kimya kilinitoa machozi, nikainuka nikafagia.

Tarishi nimemkuta njia panda, nikamwuliza barua zangu. Akasema mtaa wetu haumo tena kwenye njia yake. Nimemwambia mimi nimo.

Niandikie huku huku.

Mama yako