Kigingi Nilichoking'oa Nyuma ya Jikoni

Nyumbani kwa Mzee Nyale Thoya,
Utange, Kisauni,
Mombasa.

Jumatatu, 12 Mei 2025.

Mpendwa Shangazi Kahaso,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu moja, nami naona ni adabu kuitaja kabla ya neno jingine lolote: nimeing'oa koma ya mwanao Tsuma, kile kijiti ulichomsimamishia marehemu, kwa mikono yangu mwenyewe, bila kujua ni nini, na nakuomba uje nyumbani uisimamishe tena.

Sasa niruhusu nirudi kwenye salamu. Hujambo wewe? Baba Fancy hajambo? Binti yenu Fancy alinieleza kwamba baridi ya Kericho imekuanza magotini, nasi tumekuombea. Huku tu wazima wa mwili, na masika yameingia kwa wakati wake. Nilipopiga simu mara nne pasi na kushikwa, Fancy aliniletea jibu lako: "Aliye na neno na mimi aliandike kwa mkono wake." Nashukuru hata kwa hilo. Tangu uondoke hapa miaka tisa iliyopita, hilo ndilo neno lako la kwanza kunifikia.

Huenda hukupata habari kwamba Desemba nilihitimu Shahada ya Sayansi ya Kilimo, daraja la kwanza. Nalitaja si kwa kujigamba, ingawa nakiri nimejigamba nalo vya kutosha, bali kwa sababu humo ndimo kosa langu lilimoanzia. Kazi haikupatikana. Mwezi wa tatu nikasikia kwamba kuna kamati inayotafuta mwalimu wa bustani za nyumbani kwa vikundi vya akina mama huku Kisauni, na kwamba kila mwombaji atakaguliwa katika bustani yake mwenyewe. Mimi bustani sikuwa nayo. Nilikuwa na uwanja ule wa nyuma ya jikoni, jembe la Baba, na wiki chache kabla ya mvua.

Ungeiona, Shangazi, ungekubali kwamba ni bustani. Nilitengeneza matuta sita, kila moja upana wa mita moja, nikayashindilia samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikapoa. Nilipanda mchicha, mnavu, kunde na bamia, na tuta la mwisho nikaliachia mchunga, kwa kuwa Hawe, mama yenu, hali chakula akashiba pasipo mboga chungu. Sukuma wiki niliiotesha kwanza kitaluni chini ya kivuli cha makuti, kisha nikaihamisha jioni za mawingu. Jirani yetu Milcah, mama mmoja wa bara aliyehamia upande wa barabara, alisimama uani siku moja akacheka hadi akashika kiuno: "Profesa, mchicha wako umepangwa kama askari wa gwaride! Nichume tu, ama nipige saluti kwanza?"

Mistari hiyo ilinyooka kwa sababu ya kamba, na kamba ilifungwa kwenye kigingi.

Nilikikuta siku ya kwanza ya kusafisha uwanja, kikiwa kimesimama hatua chache kutoka mlango wa nyuma: kijiti kifupi cha mti mgumu, kimefungwa kitambaa kilichokwisha kupauka. Nilikidhania kuwa kigingi cha kufungia mbuzi. Nikakigonga ubavuni kwa kisigino cha jembe, nikakitikisa, kikatoka. Kwa kuwa hakikuliwa na mchwa, nilikichomeka kwenye pembe ya tuta la kwanza na kukitumia kupimia mistari. Kitambaa nilikitupa katika shimo la mboji.

Nilikuwa shule ya bweni ulipokuja kumsimamishia Tsuma koma hiyo, na nyumbani hapa hapakuwa na aliyenisimulia. Nilijua tu kwamba binamu yangu alifia ughaibuni kazini, kwamba alizikwa huko huko, na kwamba wewe na Baba mlikosana. Kwamba mlikosana juu ya kijiti, na kwamba kijiti chenyewe ndicho mahali pekee alipobaki napo hapa kwao, hayo nimeyajua mwezi huu.

Tangu siku ile mambo mawili yalinitokea, nami nitayaeleza kama nilivyofundishwa kueleza, bila kuongeza.

La kwanza ni kwamba kila asubuhi niliikuta kamba imelegea na kigingi kimeinamia upande wa nyumba. Nilisema ni udongo uliolowa. Nikakishindilia kwa jiwe. Kesho yake kilikuwa kimeinama. Nikakihamishia pembe ya pili, penye udongo mkavu zaidi, kikainama vile vile, upande ule ule.

La pili ni zito kwangu kuliandika. Nipaliliapo mchana, jua likiwa utosini, huona kivuli kimelala juu ya mboga mbele yangu, kama cha mtu aliyesimama nyuma yangu akitazama ninachofanya. Mara ya kwanza nilidhani ni Milcah, nikamwambia bila kugeuka, "Karibu, leo saluti huihitaji." Hakujibu mtu. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na saa ile hata kivuli changu mwenyewe kilikuwa kimekusanyika miguuni. Nimekiona mara tano. Hakinitishi, Shangazi, na hilo ndilo linalonitisha. Kinasubiri tu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Siku hizo zote Hawe hakuwapo. Alikuwa Mikindani kwa Shangazi Kanze akitibiwa macho, na alirudi Jumatano iliyopita akiwa haoni tena ila mwanga na giza. Asubuhi ya pili nilitoka na ndoo ya kumwagilia, nikamkuta kwenye tuta la mchicha, amepiga magoti, anapapasa. Alikuwa ameyavunja machipukizi ya mistari mitatu. Mkononi alishika kikombe cha maji.

"Hawe, wapotea? Choo ki huku," nikamwambia.

"Choo nakijua tangu hujazaliwa," akasema. "Yuwapi? Mmemweka wapi mtoto?"

Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba kwa miaka tisa, kila alfajiri, mama yako ametoka kwa mlango ule, akahesabu hatua zake, akaweka kiganja juu ya kijiti kile, akauliza, "Umelalaje, Tsuma?" na kumwagia maji kidogo chini. Sote tulikuwa tumelala. Hakumwambia mtu kwa sababu hakutaka kumvunjia Baba heshima kanisani.

Nilimletea kigingi. Alikigusa kidogo tu, kisha akakirudisha mikononi mwangu kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Alisema hawezi kukisimamisha yeye, wala mimi siwezi. Aliyekisimamisha ndiye ajuaye alipokisimamisha na alichokisema siku hiyo. Nikamwomba basi anionyeshe angalau mahali. Amejaribu mara tatu kuhesabu hatua zake, na mara zote tatu ameishia mahali tofauti, kwa maana miguu yake ilizoea ardhi tambarare, nami nimeipandisha matuta. Mara ya tatu alisimama katikati ya kunde akalia. Sikuwa nimepata kumwona Hawe akilia kabla ya hapo.

Ananiambia amemwota. Tsuma amesimama kwenye mvua akisema ana baridi, na kwamba wamemvua nguo. Nilikwenda kwenye shimo la mboji, nikaichekecha yote kwa mikono, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kuoza. Nilipata kifungo kimoja tu, cha rangi ya samawati. Hawe amekipapasa na kuniambia kilikuwa cha shati lake la kazi, lile lililoletwa ndani ya begi lake kutoka ughaibuni. Nimekihifadhi. Sikuthubutu kukituma kwa basi.

Kuhusu Baba, nitasema kweli, kwa kuwa nawe ni dada yake na unamfahamu. Asubuhi niliyoking'oa kigingi alipita akielekea kanisani, Biblia kwapani. Aliniona. Alisimama. Alisema, "Ng'oa tu, mwanangu, uwanja uwe safi," akaenda zake. Jumamosi nilimkabili.

"Baba, ulikuwa ukijua?"

Aliifuta miwani isiyo na vumbi. Kisha akasema, "Niliona ukiking'oa wewe usiyejua, haitakuwa dhambi ya mtu yeyote."

"Na Hawe?"

"Sikujua kama mama huenda pale. Wallahi sikujua." Baba, mzee wa kanisa, aliapa hivyo bila kusikia alichokisema.

Lakini sasa naelewa kwa nini mchicha huu ulionawiri namna hii hajaugusa, na kwa nini hulala ameelekea ukutani. Jana alinijia kitaluni, akasimama karibu yangu, akasema yeye hatashika kikombe wala hatatamka neno, ila atamshika mama mkono ili asianguke kwenye matuta. "Mwambie Kahaso hivyo," akasema. "Na umwambie magoti yangu pia yananiuma." Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Limebaki moja. Kamati itakuja kuikagua bustani tarehe 24 asubuhi. Hawe, ambaye hana habari na kamati, ameichagua siku hiyo hiyo kwa ajili ya Tsuma, kwa hesabu zake za mwezi, na hakubali nyingine. Niliwaandikia nikiwaomba waje hata siku mbili kabla. Walinijibu kwa heshima kwamba haiwezekani, na kwamba kuna waombaji wengine. Nimewashukuru na kujiondoa. Sitakuficha kwamba niliulilia mlango huo ulipofungwa, Shangazi; niliutaka mno. Lakini sikuona vipi ningesimama mbele ya wageni nikieleza nafasi kati ya mche na mche, na mtu wa nyumba hii hana hata mahali pa kusimama.

Kwa hiyo Ijumaa tarehe 23 nitayasawazisha matuta yote sita, ardhi irudi ilivyokuwa ulipoiacha, upatambue mahali pako bila kubahatisha. Mboga nitawagawia akina Milcah. Sikuombi unisamehe kwa barua. Msamaha wa namna hiyo ni rahisi mno kwa kosa hili. Nakuomba uje, na ukitaka kunikemea, unikemee tukiwa tumesimama pamoja. Na ikiwa una kipande chochote cha nguo yake, nakuomba uje nacho. Kama huna, Hawe amekata pindo la leso yake, ameliweka chini ya mto.

Nisalimie Baba Fancy, na Fancy mwenyewe, ambaye sijapata kumwona ana kwa ana na ambaye natamani aje nawe. Shangazi Kanze anakusalimu; Hawe anakusalimu na kusema hajakukasirikia hata siku moja. Mungu akulinde njiani, na mvua isikuzuie.

Basi la Kericho lishukalo Ijumaa jioni nitalipokea mimi mwenyewe, hata likichelewa. Na tukijaliwa, tutakuwa mlango wa nyuma, Hawe, Baba na mimi, Jumamosi tarehe 24 Mei, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi.

Ni mimi, mwana wa kaka yako, nikupendaye nikiwa na aibu,

Winfred Nyale